Juu ya nini mpunga unaungua ghafla? Namna mikrobe inavyofungua maagizo yake ndani ya jani



Katika mkutano mmoja wa msimu uliopita, mama mmoja memba aliamka akauliza swali ambalo siye hatukulijibu vizuri siku ile. Alisema: "Mbele ya kuenda matanga kwa ndugu yangu, nilipita ndani ya shamba. Mupunga ulikuwa kijani kabisa. Nilikaa kule juma mbili. Wakati nilirudi, majani ilikuwa nyeupe sawa vile moto ulipita. Hiyo ugonjwa ilitoka wapi ndani ya juma mbili?"

Mama huyu hakukaa mikono mitupu. Alipoona majani yanaanza kuwa ya njano, alifikiri mpunga una njaa. Akakopa katika kasha la koperative, akanunua urea, akatupa. Ugonjwa ukazidi. Akakopa tena, akanunua dawa dukani. Muuzaji alimpa dawa ya kuua ukungu, akamwambia itamaliza kila kitu. Haikumaliza kitu. Wakati wa mavuno alipata magunia machache, na madeni yote mawili yalibaki yameandikwa ndani ya kitabu cha koperative.

Siku ile tulikata jani moja la shamba lake, tukaliweka ndani ya glasi ya maji safi, tukaliangalia kwenye mwanga. Kisha dakika chache, nyuzi kama za maziwa zilianza kutoka mahali tulipokata, zikateremka polepole ndani ya maji. Hizo zilikuwa bakteri, mamilioni na mamilioni. Haikuwa njaa ya mpunga, haikuwa ukungu. Urea na dawa zote mbili hazikuwa na kazi pale.

Tangu siku ile tumejifunza zaidi, na tunataka kulijibu swali la mama huyu sawasawa, juu memba wengi wanalo swali hilohilo. Jibu kwa kifupi ni hili: ugonjwa haukufika ndani ya juma mbili. Bakteri walikuwa pale mbele, lakini walikuwa wamenyamaza. Kuna maagizo ndani ya mwili wao ambayo hawayafungui mpaka wafike mahali panapofaa na mpaka wawe wengi. Mkulima anayejua namna maagizo hayo yanavyofunguliwa, atajua pia wakati gani kazi yake ina faida na wakati gani anatupa franga zake majini.

Ugonjwa wenyewe

Bakteri hawa wanaitwa Xanthomonas oryzae. Ni wadogo sana: ukiwapanga elfu moja mstari mmoja, utapata urefu wa milimita moja au mbili tu. Jamaa yao mwingine mnamjua vizuri. Ni yule anayenyausha migomba, aliyeonekana Masisi katika Kivu ya Kaskazini mwaka 2001 na kumaliza mashamba mengi ya ndizi. Wa migomba haingii mpunga, na wa mpunga haingii migomba, lakini ni wa ukoo mmoja, na tabia zao nyingi zinafanana.

Ugonjwa wa mpunga si mpya duniani. Wakulima wa Fukuoka, kule Japani, waliuona mwaka 1884. Katika Afrika ulitangazwa mara ya kwanza kutoka Mali, mwaka 1979. Shamba likishikwa mapema, hasara inaweza kupita nusu ya mavuno. Na miche midogo ikishikwa mara tu kisha kupandikizwa, inaweza kunyauka na kufa yote.

Dalili zake ni hizi: mistari ya maji inaanza kwenye ncha ya jani au kwenye kingo zake, inageuka njano, halafu nyeupe kama majani makavu, na mpaka wake unakwenda kama mawimbi. Asubuhi na mapema unaweza kuona matone madogo ya njano au ya maziwa juu ya jani. Jua likipanda, matone yanakauka na kubaki kama punje ndogo za njano.

Kitabu ambacho hakisomwi chote mara moja

Sasa tuingie ndani ya bakteri. Kila kitu chenye uhai, mtu, mbuzi, mpunga, bakteri, kinabeba maagizo ya kazi zake zote. Agizo moja moja tunaliita jeni. Mfano mzuri tunao ndani ya koperative yenyewe. Katika kasha la koperative kuna kitabu cha statuti na cha kazi. Ndani yake kuna ukurasa wa namna ya kuitisha mkutano, ukurasa wa namna ya kugawa faida, ukurasa wa namna ya kumfukuza memba mwizi. Kurasa zote ziko pale kila siku, lakini hakuna siku moja ambapo zote zinasomwa pamoja. Siku ya kugawa faida, sekretere anafungua ukurasa ule tu, ananakili maneno kwenye karatasi ndogo, anampa mwenye kazi, na kazi inafanyika.

Bakteri wa mpunga wanafanya vilevile. Kitabu chao kina herufi karibu milioni 5, na jeni zaidi ya 4,000. Jeni ikifunguliwa, nakala yake inatolewa, na nakala ile inatumiwa kutengeneza kifaa kimoja cha kazi, yaani protini. Jeni ikifungwa, kifaa kile hakitengenezwi, hata kama maagizo yake yako ndani ya kitabu. Wenye elimu wanaposema jeni "inafanya kazi" au "imeamka", wanataka kusema hivyo tu: ukurasa umefunguliwa, unasomwa, kifaa kinatoka.

Juu ya nini bakteri wasifungue kurasa zote kila siku? Juu kutengeneza vifaa ni gharama. Bakteri akiwa ndani ya maji ya mfereji, au juu ya kisiki cha mpunga cha msimu uliopita, au juu ya majani ya pori kando ya shamba, hana wa kumshambulia. Akitengeneza silaha wakati ule, anamaliza nguvu zake bure na anakufa mbele ya wenzake. Basi anafunga kurasa za vita, anasoma kurasa za kuishi tu, anangoja. Ndiyo maana unaweza kupita ndani ya shamba lenye bakteri, na mpunga wako kijani kabisa.

Bakteri anajuaje kwamba amefika?

Bakteri hana meno wala miguu ya kutoboa jani. Anaingia kwa milango iliyo wazi. Mlango wa kwanza ni matundu madogo kwenye ncha na kingo za jani, yale ambayo mpunga unatoa maji usiku na mnayaona asubuhi kama umande. Mlango wa pili ni kidonda: jani lililopasuliwa na upepo mkali, mche uliokatwa ncha, mizizi iliyovunjika wakati wa repikaji.

Akiingia, anafika ndani ya mirija ya maji ya jani. Pale mambo yanabadilika. Chakula ni kidogo, chumvi fulani hazipo, na kuna vitu vinavyotoka kwa mpunga wenyewe. Mabadiliko hayo ndiyo habari anayoingoja. Kuna jeni moja inayoitwa hrpG ambayo tunaweza kuifananisha na mlinzi wa lango. Mlinzi akipata habari kwamba tuko ndani ya mpunga, anaamsha jeni ya pili inayoitwa hrpX. Hii ya pili ndiyo sekretere: inafungua kwa pamoja kurasa zote za kutengeneza sindano.

Ndiyo, sindano. Bakteri anajenga mrija mwembamba sana kutoka mwili wake mpaka ndani ya chembe ya mpunga, na kwa mrija ule anapiga protini zake ndani, sawa muganga anavyopiga sindano.

Watu wa labo waliona jambo la ajabu hapa. Wakiwalisha bakteri hawa vizuri ndani ya chupa yenye chakula kingi, kurasa za sindano zinabaki zimefungwa. Wakiwaweka katika maji yenye chakula kidogo yanayofanana na yale ya ndani ya jani, kurasa zinafunguliwa. Bakteri ni walewale na kitabu ni kilekile, mahali tu ndipo pamebadilika.

Wanangoja wawe wengi

Kuna jambo la pili bakteri wanalolipima, nalo ni idadi yao. Kila bakteri anatoa nje kitu kidogo cha ukoo wa mafuta, kama mtu anayepiga filimbi gizani. Wakiwa wachache, ile filimbi inapotea ndani ya maji, hakuna anayeisikia. Wakiwa wengi ndani ya mrija mwembamba wa jani, filimbi zinajaa, kila mmoja anazisikia, na wote wanajua: sasa tuko wa kutosha.

Hapo wanafungua kurasa nyingine kwa pamoja. Wanatoa protini za kuyeyusha kuta za chembe za mpunga. Wanatoa pia utelezi mwingi, mzito kama ule wa bamia. Utelezi huo unawalinda, na pia unaziba mirija ya maji. Jani likikosa maji linakauka ijapokuwa shamba limejaa maji mpaka magotini. Matone ya njano mnayoyaona asubuhi, na zile nyuzi za maziwa ndani ya glasi, ni bakteri wakiwa ndani ya utelezi huo.

Sasa angalieni swali la mama yetu. Siku alipoenda matanga, bakteri walikuwa tayari ndani ya majani, wanazaana kimya. Kama shamba moja lina wagonjwa wachache na kila siku wanazidi mara nyingi, siku za kwanza jicho halioni kitu. Halafu inafika siku ambapo wamekuwa wengi, filimbi zimejaa, kurasa zimefunguliwa kwa pamoja, na shamba linaungua mbele ya macho. Kwa mkulima ni ghafla, lakini kwa bakteri ni mwisho wa kazi ya muda mrefu.

Mwizi anayetumia swichi ya nyumba yako

Tumesema bakteri wanafungua na kufunga kurasa zao wenyewe. Lakini wanafanya jambo kubwa zaidi: wanafungua hata kurasa za mpunga.

Mpunga nao una kitabu chake. Ndani yake kuna jeni za kutengeneza milango ya sukari, zinazoitwa SWEET. Mpunga unazihitaji ili kupeleka sukari mahali inapotakiwa, kwa mfano ndani ya punje zinazojaa. Ndani ya jani, kurasa hizo kwa kawaida hazisomwi sana, juu jani halitaki sukari yake imwagike ovyo.

Kati ya protini zinazopigwa kwa sindano, kuna zile zinazoitwa TAL. Zinapita ndani ya chembe ya mpunga mpaka mahali kitabu kinapolala, zinatafuta mstari fulani wa herufi mbele ya jeni ya SWEET, zinakaa pale na kuiwasha. Ni kama mwizi aliyeingia nyumbani kwako, akapapasa ukuta, akapata swichi yako, akawasha taa yako ili aone vizuri anachochukua. Mpunga wenyewe unaanza kutengeneza milango ya sukari, sukari inamwagika nje ya chembe, na bakteri wanakula na kuzaana.

Kila TAL inasoma mstari wake wa herufi. Imejengwa kwa vipande vinavyofuatana, na kila kipande kinatambua herufi moja, sawa meno ya ufunguo yanavyoingia ndani ya kufuli. Namna ya kusoma meno hayo ilijulikana mwaka 2009, na kazi ya milango ya SWEET ilionyeshwa mwaka uliofuata. Tangu hapo watu wa labo wanaweza kumchukua bakteri, kusoma funguo zake, na kusema anafungua mlango gani wa mpunga.

Kufuli za mpunga, na habari kutoka ng'ambo ya ziwa

Kama ufunguo unajulikana, kufuli inaweza kubadilishwa. Mlango wa sukari hauwezi kuondolewa, juu mpunga unauhitaji. Lakini herufi chache mbele ya jeni zikibadilika, ufunguo wa bakteri hauingii tena, na mpunga unaendelea na kazi yake. Aina fulani za mpunga wa Asia zilipata mabadiliko kama hayo zenyewe, na wakuza mbegu walizitumia miaka mingi mbele ya kujua sababu.

Kinga nyingine ilitoka kwetu Afrika: jeni inayoitwa Xa21, iliyopatikana katika mpunga wa pori kutoka Mali. Hii haibadili kufuli. Ni kama mbwa wa mlinzi, inatambua alama moja ya bakteri na kuupigia mpunga kelele mapema.

Lakini mjue, bakteri nao wanabadilika, na hawafanani mahali pote. Bakteri wa Afrika waliojulikana toka zamani wana funguo chache kuliko wale wa Asia, na mlango wanaoufungua zaidi ni mmoja, SWEET14. Halafu mwaka 2019, katika mkoa wa Morogoro, Tanzania, ugonjwa ulizuka ndani ya mashamba ya mpunga. Watafiti waliposoma vitabu vya bakteri wale, waliona kwamba wanafanana na wa Asia. Walikuwa na ufunguo wa mlango mwingine, SWEET11, ambao wa Afrika hawakuwa nao. Walikuwa pia na protini za kumfumba macho mlinzi mmoja wa mpunga. Maana yake, aina ya mpunga inayomzuia bakteri wa Afrika inaweza kushindwa mbele ya huyu mgeni.

Mwaka 2023, watafiti walitangaza kwamba walibadilisha kufuli za milango mitatu ya SWEET kwa pamoja katika mpunga wa Komboka, aina inayolimwa Afrika ya Mashariki, na mpunga ule ulisimama mbele ya bakteri wa Afrika na wa Asia pia. Ni habari njema. Lakini hatuwaambii hii ili muanze kuitafuta mbegu hiyo sokoni. Tunawaambia ili muone neno moja: Tanzania ni ng'ambo ya Ziwa Tanganyika tu, na mbegu za mpunga zinapanda mtumbwi bila kuulizwa. Mtu anayebeba kilo tano za mbegu nzuri kutoka kwa shemeji yake, na majani makavu ndani ya gunia, anaweza kubeba funguo ambazo kufuli za hapa hazijawahi kuziona.

Basi tufanye nini?

Kwa ugonjwa huu, hatuna dawa ya kumponya mpunga kisha kurasa zote kufunguliwa. Bakteri wako ndani ya mirija, wamefunikwa na utelezi, na dawa ya kupuliza haiwafikii. Kazi yetu yote iko mbele ya siku ile: kuwanyima mlango, kuwanyima wingi, kuwanyima sukari. Tumeipanga kwa hatua za msimu.

Mbele ya kulima. Visiki na machipukizi ya msimu uliopita ni hoteli ya bakteri. Vilimwe na kuzikwa ndani ya udongo mapema, au shamba likauke vizuri kati ya misimu miwili. Majani ya pori na mpunga wa pori kwenye kingo za mifereji yaondolewe. Kazi hii ifanywe na koperative yote kwa siku moja, juu mfereji ni mmoja. Ukisafisha peke yako na jirani wa juu hakusafisha, maji yatakuletea ya kwake.

Mbegu. Chukueni mbegu kutoka shamba mlilolitembelea wenyewe likiwa bado limesimama, siyo kutoka gunia lisilojulikana. Muulizeni agronomu wenu aina zinazojulikana kwa kuvumilia ugonjwa huu. Msipande aina moja tu katika bonde zima. Kufuli zikiwa za namna moja, ufunguo mmoja unatosha kumaliza wote.

Kitalu na kupandikiza. Wengine kati yetu tuna desturi ya kukata ncha za miche ili isianguke kwa upepo. Tuiache. Kila ncha iliyokatwa ni mlango uliofunguliwa, na siku ileile mche unaingia ndani ya maji yenye bakteri. Ng'oeni miche polepole, mizizi isivunjike. Msiache maji yafunike kitalu chote.

Mbolea. Hapa ndipo wengi tunaanguka. Urea nyingi kwa mara moja inafanya majani yawe laini na mengi, yanabanana, unyevu unabaki katikati, na bakteri wanapata nyumba nzuri. Gaweni urea kwa mara tatu: miche ikishika, mpunga unapozaa machipukizi, na mara ya mwisho karibu na wakati wa kubeba mimba. Kama mnapata mbolea yenye potasi, iwekeni pamoja kwa kipimo cha agronomu. Na kama jani limeanza njano kwenye kingo, msitupe urea mbele ya kufanya kipimo cha glasi.

Maji. Msiache maji ya shamba lenye wagonjwa yapite ndani ya shamba lenye uzima. Ugonjwa ukionekana, punguzeni maji ndani ya shamba lile, na msitembee ndani yake asubuhi wakati majani yamelowa, juu nguo na mikono yenu vinabeba yale matone kutoka jani mpaka jani. Kama kuna shamba lenye ugonjwa na shamba lenye uzima, anzeni kazi kwenye lenye uzima. Mundu usafishwe, sawa tulivyojifunza kusafisha kisu kwa moto katika migomba.

Kipimo cha glasi, kila memba anaweza

Chukua jani ambalo ugonjwa wake ni mbichi, siyo lililokauka kabisa. Kata kipande mahali sehemu ya kijani inapokutana na ya njano. Kitie ndani ya glasi yenye maji safi, sehemu iliyokatwa ikiwa ndani ya maji. Ishike glasi mbele ya mwanga, usiitikise. Kama ni bakteri, kisha dakika chache utaona nyuzi nzito kama maziwa zinatoka. Kisha saa moja au mbili, maji yenyewe yanachafuka. Kama hakuna kinachotoka, jaribu na majani mengine mawili au matatu. Bado hakuna? Basi tafuta sababu nyingine: njaa ya mbolea, ukame, wadudu au ukungu.

Kwa mche mdogo ulionyauka, kata chini na ubinye kwa vidole. Utelezi wa njano ukitoka, ni bakteri. Kama mche umetobolewa na ndani kuna funza, ni mdudu wa shina.

Glasi moja na maji havigharimu kitu. Kipimo hiki kingemwokolea mama yetu mikopo miwili.

Maswali tuliyoulizwa

Je, mchele wa shamba lililoungua unadhuru mtu? Hapana. Bakteri huyu anashika mpunga, hashiki watu. Punje zitakuwa chache na nyepesi, lakini mchele unaliwa. Usitumie punje hizo kama mbegu.

Dawa za kutibu watu, zile za vidonge, zinaweza kupulizwa shambani? Tafadhali, hapana. Hazitawafikia bakteri ndani ya mirija, na zinafundisha mikrobe nyingine kuzoea dawa ambazo watoto wetu wanazihitaji hospitalini.

Kama shamba limeungua nusu, nilivune au nilichome? Kama punje zimeanza kujaa, ngoja uvune. Kisha mavuno, majani makavu yasipelekwe kufunika kitalu wala yasitupwe ndani ya mfereji. Ng'oa visiki au uvizike mapema.

Neno la mwisho

Tunaomba kila koperative iweke jambo moja katika ajenda ya mkutano unaokuja: mkopo wa dawa au wa urea kwa ajili ya majani ya njano usitolewe mpaka memba alete jani na kipimo cha glasi kifanyike mbele ya watu wawili. Hiyo siyo kumdharau memba. Ni kulinda kasha lake mwenyewe.

Mama aliyeuliza lile swali alilima tena msimu huu. Hakukata ncha za miche, aligawa urea mara tatu, na majirani zake wa juu ya mfereji walisafisha kingo pamoja naye. Deni lake la kwanza bado liko ndani ya kitabu, na prezida wa koperative amekubali alilipe kwa misimu miwili. Tulipomtembelea, glasi ilikuwa juu ya meza yake, na maji yake yalikuwa safi.

Tunawatakia mavuno mazuri. Jani likianza njano, anzeni na glasi, halafu muite agronomu.